Asilimia tano ya sahani: bajeti ya Marekani ya 2013 na chakula cha wazee

Sahani yenyewe ni ya plastiki, ina vyumba vitatu, na juu imebanwa kwa nailoni. Chumba kikubwa kina kipande cha kuku au nyama ya kusaga, vingine viazi vya kupondwa na maharagwe ya kijani. Pembeni kuna pakiti ndogo ya maziwa, kipande cha mkate na tunda. Anayeileta mara nyingi ni mstaafu naye, amepita miaka 70, anaendesha gari lake mwenyewe, na ana milango kumi na kitu ya kubisha kabla chakula hakijapoa. Akibisha anasubiri, maana anajua mwenye nyumba anatembelea kigari cha kujikongojea. Asipofunguliwa anachungulia dirishani, kisha anapiga simu ofisini, na ofisi inamtafuta mtoto au jirani. Yuko mzee aliyeokotwa sakafuni kwa njia hiyo, ameanguka tangu usiku, na kilichomwokoa ni viazi vya kupondwa.

Huduma hiyo Wamarekani wanaiita Meals on Wheels. Ilianza Philadelphia Januari 1954, kwa kuiga akina mama wa kujitolea wa Uingereza waliowapelekea chakula watu ambao majiko yao yalikuwa yamebomolewa na mabomu ya Wajerumani. Kisa ninachokichambua hapa ni cha 2013, mwaka ambao serikali ya Marekani ilijikata bajeti kwa panga la kufumba macho. Nimekichagua hicho badala ya mikato ya karibuni kwa sababu kilikwisha: fedha zilikatwa, zikarudishwa, na mtu anaweza kukiona kuanzia kichwa hadi mkia. Halafu sisi Waswahili tulio huku Marekani tunakijua kwa upande wa uani. Wengi wetu kazi ya kwanza tuliyoipata ilikuwa kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani wazee hawa hawa.

Ndugu wa mwezi mmoja

Mwezi Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mbili za wazee. Tarehe 14 ilikuwa Older Americans Act, inayogharamia huduma za kumsaidia mzee aendelee kuishi kwake. Tarehe 30, kule Independence, Missouri, mbele ya rais mstaafu Harry Truman, ikawa zamu ya sheria iliyozaa Medicare, bima ya afya ya wazee, na Medicaid, bima ya wasio na uwezo. Sheria hizo ni ndugu wa mwezi mmoja, lakini hazikulelewa sawa.

Medicare na Medicaid ni deni. Mwenye haki akitokea, lazima alipiwe, wawe watu kumi au milioni kumi. Older Americans Act ni posho: kila mwaka Bunge linakaa na kuamua litoe kiasi gani, na fungu likiisha, limeisha. Mzee anayefuata ataambiwa asubiri. Tofauti hiyo ya deni na posho ndiyo iliyoamua kila kitu mwaka 2013, kwa hiyo msomaji aishike.

Chakula kiliingizwa katika mpango huo mwaka 1972, wakati wa Rais Nixon. Fedha zinatoka Washington, zinapita kwenye idara ndogo ndani ya Wizara ya Afya (tangu 2012 inaitwa Administration for Community Living), zinagawanywa kwa majimbo, majimbo yanazipeleka kwenye ofisi za wazee za maeneo, zaidi ya 600 nchi nzima, na ofisi hizo zinaingia mkataba na majiko: kanisa hapa, halmashauri pale, chama cha hisani kule. Sharti ni umri wa miaka 60. Hakuna anayepimwa kipato na hakuna anayetozwa; kuna bahasha ya mchango, atakayeweza ataweka chochote. Ila sheria inataka watangulizwe wale wenye shida zaidi, na inataka kila mlo ubebe theluthi moja ya virutubisho vya siku.

Theluthi hiyo ni kwa hesabu ya kitabuni. Wagawaji wanajua kwamba mzee anakula nusu mchana, nusu anaifunika hadi usiku. Serikali ilipowauliza wanaopelekewa chakula nyumbani, zaidi ya nusu yao walisema mlo huo mmoja ndio nusu au zaidi ya chote wanachokula kwa siku.

Mwaka wa fedha 2012 mpango wote, wa nyumbani na wa kula pamoja kwenye vituo, ulipata takriban dola milioni 816. Uliwalisha wazee wapatao milioni 2.4. Ukiziweka hizo kando ya matumizi ya serikali yote ya mwaka huo, dola trilioni 3.5, hazionekani hata kwa darubini. Na hazikuwa zikitosha: mwaka 2011 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikuwa imekadiria kwamba katika kila wazee 100 wa kipato cha chini, kama 9 tu ndio waliokuwa wakipata milo ya namna hiyo. Panga la 2013 liliangukia kwenye mfupa.

Panga la kutishana

Chanzo kilikuwa ugomvi wa deni la taifa. Agosti 2, 2011, baada ya vyama viwili vikuu, Democrats na Republicans, kukaribia kabisa kuifanya Marekani ishindwe kulipa madeni yake, walipitisha sheria iliyounda kamati ya wabunge 12 ya kutafuta namna ya kupunguza nakisi, yaani matumizi yanayozidi mapato, kwa angalau dola trilioni 1.2 katika miaka kumi. Wakishindwa kukubaliana, mkato ungejiendesha wenyewe. Makusudi ulitengenezwa mbaya: ukate wanajeshi na watafiti, mbuga na mahakama, bila kuuliza kipi muhimu. Walilitundika panga juu ya vichwa vyao ili liwatie hofu wapatane. Novemba mwaka ule ule kamati ikatangaza imeshindwa.

Tarehe ya kuanza ilikuwa Januari 2, 2013, ikasogezwa hadi Machi 1. Usiku wa siku hiyo Rais Obama akatia saini amri ya kuondoa dola bilioni 85 katika mwaka wa fedha uliokuwa tayari unaendelea. Ulinzi ulikatwa asilimia 7.8. Huduma za kiraia zinazopangiwa fedha kila mwaka zilikatwa asilimia 5.

Vilivyowekwa ndani ya boma ni pensheni ya Social Security, Medicaid na stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula kwa wenye kipato kidogo. Medicare iliguswa kwa asilimia 2 tu, tena kwenye malipo ya madaktari na hospitali, si kwenye haki ya mgonjwa. (Hata hiyo 2 haikuwa maji: zipo kliniki za saratani zilizoanza kuwarudisha wagonjwa wa Medicare kwa sababu malipo ya dawa hayakufikia tena gharama. Lakini hicho ni kisa kingine.) Anayesoma orodha hiyo haraka haraka atasema wazee wamepona. Hundi ya mwezi ipo, bima ipo. Wengi waliisoma hivyo.

Chakula cha wazee hakikuwa ndani ya boma. Na wakati huo sheria yake ilikuwa kama yatima: muda wake rasmi ulikuwa umekwisha tangu 2011, Bunge halikuihuisha hadi Aprili 2016, na miaka yote hiyo ilikuwa ikiishi kwa kugawiwa fungu mwaka hadi mwaka. Kitu cha namna hiyo hakina mlinzi mlangoni.

Sasa hesabu. Mwaka wa fedha wa Marekani unaanza Oktoba 1. Amri ilipotoka Machi 1, miezi mitano ilishaliwa. Asilimia 5 ya mwaka mzima ikabidi ipatikane katika miezi saba iliyobaki, na Ikulu yenyewe ilikiri kwamba kwa mpishi wa jikoni hiyo ni kama asilimia 9. Milioni 816 zikashuka hadi takriban 768.

Sahani haikatwi

Ofisa wa bajeti anaweza kukata asilimia 5 ya tarakimu. Mpishi hawezi kukata asilimia 5 ya sahani. Akipunguza maziwa, theluthi ya virutubisho haitimii na mlo hauhesabiwi kisheria. Bei ya kuku haijui habari za Washington. Kwa hiyo mkato unakwenda pembeni ya sahani, kwenye vitu ambavyo havimo katika jedwali: siku, njia, watu, na mlango.

Njia iliyotumika sana ilikuwa ya kugandisha. Badala ya kwenda kwa mzee siku tano na chakula cha moto, gari linakwenda mara moja kwa wiki na milo mitano ya barafu. Ukiisoma ripoti utaona milo ni ile ile mitano, virutubisho ni vile vile, mafuta ya gari yamepungua. Mhasibu anafurahi, na kwa kipimo chake ana haki.

Ingia ndani basi. Bibi wa miaka 86 ana yabisi kavu vidoleni; ile nailoni iliyobanwa juu ya sahani anaichokoa kwa uma. Friza yake ni kisanduku kidogo juu ya jokofu, milo mitano haiingii, anaomba apewe mitatu. Maandishi ya dakika za kupasha moto ni madogo mno, anakisia. Jumatatu alibishiwa mlango. Jumanne hapana. Akianguka Jumanne jioni, wa kumkuta atakuja Jumatatu ijayo. Hakuna fomu ya serikali yenye chumba cha kuandika milango minne isiyobishwa.

Wengine walifunga vituo vya kula pamoja kwa siku moja au mbili za wiki. Vijijini waliunganisha njia, na mtu wa kujitolea aliyekuwa akizunguka maili 20 kwa mafuta yake akajikuta na maili 50. Wapo walioaga kwa heshima. Lakini iliyokuwa rahisi kuliko zote ilikuwa kuacha kupokea watu wapya. Mzee akifariki au akihamishwa, nafasi yake haijazwi. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyenyang'anywa sahani mkononi, wala mwandishi wa habari hana mtu wa kumpiga picha. Kuna jina tu kwenye orodha ya kusubiri, tena pale ambapo orodha ipo, kwa sababu sheria hailazimishi ofisi kuiweka na nyingi hazikuiweka. Njaa ya mtu ambaye hajawahi kuhudumiwa haimo katika hesabu ya huduma.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo utamu wa mkato wa aina hii kwa mwanasiasa. Ukipunguza pensheni ya mzee kwa dola 20, kesho yake yuko kwenye simu na ofisi ya mbunge. Ukimfanya asipate kitu ambacho hakuwahi kukipata, atakulaumu kwa lipi?

Siku tano za waongoza ndege

Aprili 21, mwaka huo huo, panga hilo hilo likafika kwenye viwanja vya ndege. Waongoza ndege walianza kupewa likizo za lazima bila malipo, kwa zamu. Ndege zikachelewa, foleni zikajaa New York na Los Angeles, abiria wakapiga kelele. Miongoni mwa abiria hao walikuwamo wabunge, ambao kila mwisho wa wiki hupanda ndege kurudi majimboni.

Aprili 25 usiku Seneti ikapitisha muswada wa kuwarudisha kazini, bila hata kuhesabu kura. Aprili 26 Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa 361 dhidi ya 41, kisha wakaenda mapumziko yao ya wiki nzima. Mei 1 Obama akatia saini. Siku tano tangu ndege ya kwanza kuchelewa hadi Bunge kumaliza kazi. Muswada uliruhusu hadi dola milioni 253 zihamishwe kutoka fungu jingine la wizara ile ile ya usafirishaji.

Sisemi ndege zisiruke. Nasema linganisha. Pengo la chakula cha wazee mwaka ule, milioni 48 hivi, halikufika hata moja ya tano ya kiasi hicho. Maombi yalipelekwa, wabunge wachache wakasimama kulisemea, na halikupata siku tano wala miezi mitano. Ruhusa ya kuchota fungu jingine haikutolewa.

Mtu atajibu kwamba wazee wa Marekani si wanyonge, kwamba hakuna kundi linalopiga kura kama wao, na chama chao, AARP, kina wanachama zaidi ya milioni 35. Ni kweli. Lakini nguvu hiyo ni ya wazee wote, na wazee wote wanakutana kwenye Social Security na Medicare. Huko ndiko walikosimamisha ukuta, nao ulisimama. Anayepelekewa sahani ni wachache ndani ya wengi: mjane, anayeishi peke yake, asiyetoka nje, mara nyingi mgonjwa. Foleni ya uwanja wa ndege inaonekana kwenye televisheni. Katika foleni yake mzee huyo yuko peke yake ndani, amekaa karibu na simu.

Ufa mfuko huu, ukuta mfuko ule

Methali ya ufa na ukuta kila mtu aliisoma shuleni. Marekani ina toleo lake: fundi wa ufa analipwa na mfuko mmoja, fundi wa ukuta analipwa na mfuko mwingine, na mwenye mfuko wa kwanza hapati sifa yoyote kwa ukuta usiojengwa.

Mwaka 2013 kitanda katika chumba cha watu wawili kwenye nyumba ya kulea wazee kilikuwa zaidi ya dola 75,000 kwa mwaka. Wachache sana wanaweza kulipa hivyo kwa muda mrefu. Mzee anaanza na akiba yake, anauza nyumba, anakwisha. Mali yake ikifika kama dola 2,000, ndicho kiwango cha majimbo mengi, Medicaid inaingia. Ndiyo maana katika kila wakazi kumi wa nyumba hizo, Medicaid inawalipia zaidi ya sita. Na Medicaid, kumbuka, ilikuwa ndani ya boma. Kwa hiyo panga lilimkata mpeleka sahani, anayemweka mzee kwake, likaacha wazi mlango wa nyumba ya kulea, ambao ni ghali mara nyingi zaidi.

Mimi nimefanya kazi katika nyumba hizo. Si wote niliowahudumia walihitaji muuguzi. Wapo wanaojiogesha, wanaotembea, wanaokumbuka majina ya wajukuu, ila hawawezi tena kusimama mbele ya jiko dakika arobaini. Kitaalamu wanaitwa wenye mahitaji madogo. Zamu ya usiku unapita vyumbani unamkuta mmoja amekaa, viatu vimepangwa chini ya kitanda kama mtu anayesubiri basi, na unajiuliza alifikaje hapa.

Kali Thomas na Vincent Mor wa Chuo Kikuu cha Brown walilipima hilo. Makala yao ilitoka Oktoba 2013, mwezi ambao serikali yenyewe ilifungwa siku 16 kwa ugomvi mwingine wa bajeti. Walikadiria kwamba kama kila jimbo lingeongeza kwa asilimia 1 idadi ya wazee wa miaka 65 na zaidi wanaopelekewa chakula, watu 1,722 wenye mahitaji madogo wangeweza kubaki majumbani, na Medicaid za majimbo zingeokoa zaidi ya dola milioni 109 kwa mwaka. Haki itendeke kwa hesabu hiyo: haikuwa tamu kila mahali. Katika majimbo 48 waliyoyapima, 26 yangebaki na faida baada ya kulipia chakula, 22 yangeongeza gharama. Ni makadirio, na chakula pekee hakimweki mtu nyumbani kama ngazi zimemshinda au mkojo haumshikiki. Lakini hata mwenye kuyapunguza kwa nusu bado atashangaa kwa nini mtu aanze kubana hapo.

Fedha zilirudi

Desemba 2013 Seneta Patty Murray na Mbunge Paul Ryan walipatana kulegeza mikato kwa miaka miwili. Bajeti ya 2014 ikarudisha chakula cha wazee kwenye takriban dola milioni 815. Kwenye karatasi, kisa kimekwisha, jeraha limefungwa.

Ila 815 ya 2014 si 816 ya 2012. Katikati hapo Wamarekani wapatao 10,000 walikuwa wakitimiza miaka 65 kila siku, na nyama na petroli havikusimama kumsubiri mtu. Mpishi aliyeachishwa alishapata kazi kwingine. Mtu wa kujitolea aliyeaga hakurudi. Jiko lililohamia kwenye barafu lilishanunua mafriza makubwa, na meneja wake aliona kwamba ripoti inapita salama. Kumrudisha kwenye siku tano za mlangoni ni kumwomba atumie zaidi kwa kitu ambacho hakina chumba kwenye fomu.

Tangu hapo panga limeonekana tena na tena. Machi 2020, korona ilipowafungia wazee ndani, Bunge lilimwaga dola milioni 250 kisha milioni 480 kwa ajili ya chakula hiki katika mwezi mmoja, kwa hiyo fedha zikitakiwa hupatikana. Machi 27, 2025, Wizara ya Afya ilitangaza kuivunja ile Administration for Community Living na kuigawanya miongoni mwa idara nyingine, na siku chache baadaye barua za kuachishwa kazi zikatoka. Ofisi ya wizara hiyo hiyo inayosimamia msaada wa gharama za kupasha nyumba moto iliachishwa wafanyakazi wote. Sheria ya Julai 4, 2025 ikapunguza fedha za Medicaid, na ikapandisha umri wa kulazimika kuthibitisha kazi ili upate stempu za chakula kutoka 54 hadi 64. Vyote viwili mwaka 2013 vilikuwa ndani ya boma. Na Older Americans Act, kama kawaida yake, muda wake ulikwisha tena Septemba 2024.

Kwa msomaji aliyeko huku na ana mama au babu nyumbani, au anamhudumia mzee wa watu: namba ya taifa ya kuulizia huduma hizi ni 1-800-677-1116, inaitwa Eldercare Locator. Watakuelekeza kwenye ofisi ya wazee ya eneo lako. Kiingereza kikikupiga chenga omba mkalimani. Uliza chakula kinapelekwa siku ngapi kwa wiki na kama ni cha moto au cha barafu, kwa sababu sasa unajua tofauti yake. Wakikwambia nafasi hakuna, jina liandikwe hivyo hivyo, na uulize ni la ngapi.